Shajara ya mradi: pikapu mpya ya njia ya Sala, waranti ikiwa nzima

Gari ni pikapu ya kebini mbili, dizeli ya lita 2.4, giya ya mkono, 4x4, mpya kutoka kwa muuzaji wa Mombasa. Kazi yake ni kubeba watu 5 na mizigo yao kutoka Malindi hadi Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, na mara mojamoja kuvuta mashua ndogo kutoka ufukweni. Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Ya kutu iliyotoboa bati ina ukurasa wake. Sevisi ni kila kilomita 5,000.

Kilomita 38

Hakuna spana iliyoguswa. Kijitabu cha waranti kimesomwa mara mbili, kalamu mkononi. Hakuna mahali kinaposema kwamba kifaa cha nje, yaani kisicho cha kiwanda, kinafuta waranti yote. Kinachosema ni kwamba hasara "iliyosababishwa na" kifaa hicho haitalipwa. Neno "iliyosababishwa" ndilo tunalojengea mradi mzima. Kila kifaa kitapimwa kwa swali moja: siku kifaa cha kiwanda kikifa na cha nje kipo, mtu wa kaunta kwa muuzaji ataweza kuvuta uzi kutoka cha nje hadi cha kiwanda? Taa ya spoti haiwezi kuua giyaboksi. Waya wa taa hiyo ukichomekwa kwenye waya wa kiwanda, unaweza kuua kompyuta ya bodi, ile inayosimamia taa na kufuli.

Watu hupenda kutaja sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, inayomtaka mtengenezaji athibitishe kwamba kifaa cha nje ndicho kilicholeta hasara. Ni sheria nzuri, lakini ni ya Marekani na haimfungi muuzaji wa Mombasa. Hapa kwetu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ila kwenye kaunta karatasi ya kwanza kufunguliwa ni kijitabu kile kile. Ndiyo maana kimesomwa kabla ya kununua hata boliti moja.

Barua pepe imetumwa kwa muuzaji. Haikuuliza "je, tunaruhusiwa kufanyia gari marekebisho?", kwa sababu swali la namna hiyo hujibiwa "hapana" na mtu asiyetaka kesi. Imeuliza kifaa kimoja kimoja: kifaa gani, kinafungwa wapi, kinachukua umeme kutoka wapi, na ni sehemu gani ya waranti wanayodhani itaguswa. Mfano wa mstari mmoja: "Betri ya pili ndani ya kanopi, chaja yake inachukua umeme moja kwa moja kutoka betri kuu kupitia fyuzi ya ampea 40, hakuna waya wa kiwanda utakaokatwa. Je, mtaendelea kudhamini altaneta na betri kuu?"

Majibu yalichukua siku 9. Ndiyo kwa betri, ndiyo kwa tairi za saizi ile ile, ndiyo kwa bampa ikitoka kwenye orodha ya vifaa vya mtengenezaji na kufungwa nao. Hapana kwa kuinua gari. Kuhusu kuongeza jani la springi hawakujibu kitu, na asiyejibu tumemhesabu amekataa. Barua zimechapishwa na kuwekwa kwenye faili pamoja na risiti. Majibu ya simu hayakuhesabiwa.

Kilomita 212

Hesabu ya uzito, kabla ya kununua chochote. Kibandiko kinasema jumla isizidi kilo 3,000. Gari tupu ni 2,080. Zinabaki 920, na kwa macho zinaonekana nyingi.

Kanopi 65, bampa ya chuma 58, reki ya juu 28, betri ya pili ya AGM (ya risasi, isiyomwagika) ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri) na sanduku lake 33, friji iliyojaa 45, maji lita 40, gurudumu la pili la akiba 34. Hiyo ni 303 kabla mtu hajapanda. Watu 5 kwa kilo 75 ni 375, mabegi kilo 15 kila mmoja ni 75. Jumla 753. Zimebaki 167, na hapo hakuna winchi, hakuna jeki kubwa, hakuna mkaa wala hema.

Winchi imefutwa. Ingeleta kilo 30 na zaidi mbele kabisa ya ekseli, mahali pabaya kuliko pote.

Hapa Malindi dawa ya kawaida ya pikapu inayoinama nyuma ni kuongeza jani moja la springi. Kazi inakwisha asubuhi moja na gari husimama vizuri. Lakini springi, shokabzoba, bushi na ekseli ya nyuma zote zinaingia kwenye mjadala siku moja ikivunjika. Mipira ya upepo inayopachikwa kati ya ekseli na chesisi ni mibaya zaidi: mzigo ambao springi ya majani huugawa kwenye nukta mbili, mbele na nyuma, mpira huusukumia nukta moja katikati. Pikapu iliyozidishiwa mzigo, yenye mipira hiyo na kitu kizito kimening'inia nyuma, hupinda chesisi nyuma ya kebini, na chesisi iliyopinda kwa namna hiyo hailipwi na mtu. Tumepunguza uzito, springi tumeziacha zilivyo. Gurudumu la pili la akiba litabebwa siku za Tsavo tu.

Kilomita 640

Tairi. Za kiwanda ni 265/65R17, kipenyo milimita 776. Wengi huruka kwenda 265/70R17 kwa sababu zinaingia bila kugusa. Kipenyo chake ni milimita 803, zaidi kwa asilimia 3.4, maana yake sindano ikisoma 80 gari linakwenda karibu 83. Tofauti ni ndogo, lakini kompyuta ya breki inahesabu mizunguko ya gurudumu, odomita inahesabu pungufu, na kilomita za sevisi zinapotea kimyakimya. Tumefunga za kila ardhi za 265/65R17, fahirisi ya mzigo (namba ya uzito ambao tairi inaweza kubeba) 112 kama za mwanzo. Zile za kiwanda zimewekwa stoo, mbali na jua, hazijauzwa.

Upepo ni wa kibandiko cha mlangoni. Ndani ya Tsavo, penye migongo ya bati (mawimbi ya barabara ya vumbi), tunashusha psi 6 kutoka hapo na mwendo haupiti 40. Mchanga laini, psi 18 hadi 20. Pampu hupanda garini pamoja na kipimo, kwa sababu kurudi lami na psi 20 huchemsha ukuta wa tairi, na tairi iliyokufa kwa joto humwonyesha mkaguzi alama zake waziwazi.

Kilomita 905

Umeme. Sehemu hii imechukua siku 3 na ndiyo yenye hatari kubwa kwa waranti kuliko zote, ingawa haionekani nje.

Altaneta ya gari hili ni ya akili: kompyuta huipandisha na kuishusha volti kulingana na hali ya betri kuu. Betri ya pili ikiungwa kwa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya kizamani, kuna nyakati itapata volti 12.6 tu na haitajaa kamwe. Kwa hiyo imefungwa chaja ya DC hadi DC (inayopandisha volti hadi betri ya nyuma ijae) ya ampea 25, ambayo yenyewe huvuta hadi ampea 30 kutoka mbele.

Njia ya waya kutoka boneti hadi kanopi ni mita 5.5, kwenda na kurudi 11. Kwa waya wa milimita 6 za mraba, ampea 30 zinapoteza volti 0.96 njiani. Kwa waya wa milimita 16 zinapoteza 0.36. Dukani watakuuzia wa 6 na kukuapia unatosha. Hautaungua, hilo kweli, lakini chaja itaona volti 11 na kitu na kujizima. Tumetumia wa 16, mwekundu na mweusi, ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, umefungwa kwenye chesisi kila sentimita 25, upande usio na ekzosi.

Fyuzi ni mbili za ampea 40. Moja iko sentimita 18 kutoka betri kuu, nyingine sentimita 20 kutoka betri ya nyuma. Waya una betri kila mwisho, kwa hiyo fyuzi moja hulinda upande mmoja tu. Ukichubuka katikati, betri isiyo na fyuzi ndiyo inayowasha moto.

Waya mweusi haukufungwa kwenye ncha ya hasi ya betri kuu. Pale kuna kisanduku kidogo, sensa inayohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga juu yake, unaipita, na kompyuta inadhani betri imejaa wakati inakufa. Umefungwa kwenye boliti ya ardhi ya chesisi. Rangi imekwanguliwa ukubwa wa shilingi, taminali imekazwa, kisha imepakwa grisi juu, kwa sababu hewa ya bahari hula shaba hadi igeuke kijani.

Hakuna waya wa kiwanda uliokatwa, kutobolewa wala kubanwa na vile vibanio vya plastiki vya rangi ya bluu. Kibanio cha bluu hukata nyuzi 3 au 4 za waya, huacha jeraha wazi, na miezi 8 baadaye chumvi imekwisha kupanda ndani ya waya sentimita 10. Fundi wa muuzaji akikiona tu, hana haja ya kutafuta zaidi. Taminali zote zimebanwa kwa koleo lake na kufunikwa kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa moto. Tundu la kuingia kanopi lina mpira wake.

Kabla na baada ya kazi, laini ya mawasiliano ya kompyuta imepimwa kwenye soketi ya uchunguzi, pini ya 6 na ya 14, waya wa hasi wa betri ukiwa umetolewa: omu 60 mara zote mbili. Ingesoma 120, kizuizi kimoja cha mwisho wa laini kingekuwa kimepotea. Ingesoma 40, kuna kitu cha tatu kimejiunga. Picha ya mita na ya odomita zimeingia kwenye faili.

Friji inavuta wati 45 ikiwa inafanya kazi. Kwa joto la Malindi inafanya kazi karibu nusu ya muda, yaani Ah 45 kwa siku. Betri ya AGM haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 ni siku moja ya kusimama.

Kilomita 1,420

Bampa imefungwa Mombasa na muuzaji mwenyewe, namba ya kipuri iko kwenye ankara. Ni ghali kuliko ya kuchomelea mtaani, na ya mtaani ingekuwa nene zaidi. Lakini nyuma ya bampa ya mbele kuna sensa za mikoba ya hewa, na chuma kinachokaa mbele yake hubadili namna gari linavyojikunja likigonga. Hapo si mahali pa kujaribia.

Taa mbili za spoti za wati 60 zimefungwa kwenye bampa, pembeni, si mbele ya rejeta. Pamoja ni karibu ampea 10: waya wa milimita 2.5, fyuzi ya 15, rilei yake, swichi yake. Rilei haiwashwi na waya wa taa kubwa za kiwanda bali na swichi ya dashibodi peke yake. Dereva ana kidole cha kuizima.

Kilomita 1,780

Kutu. Gari linaloishi Malindi linakula chumvi hata likiwa limeegeshwa, na msimu wa kusi ukianza kila kitu cha upande wa bahari kinanata. Ongeza maji ya chumvi ya upande wa Gongoni na mchanga wenye unyevu unaobaki juu ya tangi la dizeli.

Hatukupaka lami nyeusi. Inaonekana imara siku ya kwanza, kisha inapasuka, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki, na chini ya ngozi nyeusi kutu inakula bila mtu kuiona. Tumetumia nta ya majimaji. Gari lilioshwa chini kwa maji baridi, likaachwa siku 2 juani likauke kabisa. Lita 3.5 zimeingia ndani ya boriti za chesisi kwa mrija mrefu wenye pua inayotawanya pande zote, lita 1.5 ndani ya milango na kingo za boneti.

Matundu ya kutolea maji chini ya milango yalizibwa kwa muda kwa njiti za mbao, kisha yakafunguliwa moja moja na kuhesabiwa. Hili ndilo kosa linaloua waranti ya kutu: tundu likizibwa, maji yanalala ndani, na mkaguzi atalitafuta tundu hilo kabla ya kitu kingine. Diski za breki, ekzosi na bushi za mpira zilifunikwa kwa karatasi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye boriti ya kulia pia ilifunikwa, iendelee kusomeka.

Kilomita 4,960

Sevisi ya kwanza kwa muuzaji, kilomita 40 kabla ya wakati. Mhuri umepigwa. Faili imeonyeshwa, wakachukua nakala ya mchoro wa waya. Boliti za bampa zimekaguliwa, mbili zililegea robo mzunguko.

Kilomita 6,310

Siku ya nne ya kusimama gari halikuwaka. Betri kuu: volti 11.6. Betri ya nyuma: 12.7, nzima, kwa hiyo chaja haikuwa mwizi.

Namna ya kutafuta umeme unaovuja kwenye gari la kompyuta ni kutulia. Kufuli ya boneti ilibonyezwa kwa bisibisi ili gari lidhani limefungwa, milango ikafungwa, ufunguo ukapelekwa mbali, ikasubiriwa dakika 40. Kipimo cha kukumbatia waya kikasoma ampea 0.42. Gari la aina hii likilala linatakiwa kuwa chini ya 0.05. Kwa 0.42, betri ya Ah 65 inamaliza nusu yake kwa siku 3 na kitu. Hesabu imekubaliana na tukio.

Fyuzi hazikuchomolewa. Ukichomoa na kurudisha, kompyuta zinaamka na unaanza upya dakika 40. Badala yake volti ilipimwa juu ya mgongo wa kila fyuzi, ncha mbili za chuma zinazochungulia: isiyopitisha umeme husoma sifuri, inayopitisha husoma sehemu ya milivolti. Fyuzi ya soketi ya uchunguzi na ile ya kompyuta ya bodi zote zilikuwa hai.

Mwizi alikuwa trakia, kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Mtu wa trakia alikuwa ameichomeka kwenye soketi ya uchunguzi, kwa haraka ya dakika 5, nayo ilikuwa inaiuliza laini ya mawasiliano kila baada ya sekunde chache, hivyo hakuna kompyuta iliyolala. Imetolewa na kupewa umeme wake, fyuzi ya ampea 3, bila kugusa mawasiliano. Baada ya dakika 40: ampea 0.03.

Kompyuta ilikuwa imehifadhi makosa 4 ya mawasiliano. Kishawishi ni kuyafuta. Hatukuyafuta. Kompyuta ya injini huhesabu kilomita tangu makosa yafutwe mara ya mwisho, na gari lenye kilomita 6,310 linaloonyesha "kilomita 12 tangu kufutwa" linasema kuna mtu alikuwa anaficha jambo. Orodha imechapishwa, ikaambatanishwa na maelezo ya trakia na vipimo, muuzaji akafuta mwenyewe.

Kilomita 7,050

Yaliyokataliwa, ili mtu asiulize tena. Kuandika upya programu ya injini: nguvu zinaongezeka kweli, lakini mashine ya muuzaji inasoma namba ya uthibitisho ya programu na kuilinganisha na ya kiwanda, na kurudisha programu ya zamani hakufuti hesabu ya mara ngapi imeandikwa. Kisanduku cha kuidanganya sensa ya shinikizo la dizeli ni yale yale kwa bei nafuu. Filta ya hewa ya pamba yenye mafuta: mafuta huhama hadi sensa ya hewa, na vumbi jekundu la Tsavo linapenya. Filta ya karatasi ya kiwanda inabadilishwa kila kilomita 10,000. Snoko (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu): ingetaka tundu kwenye mabati ya ubavuni, na bati lililokatwa halimo tena kwenye waranti ya kutu, wakati kitabu kinaruhusu maji ya milimita 700 bila snoko.

Kilomita 9,880

Kulabu ya kuvutia imefungwa na muuzaji, na soketi ya pini 7. Waya za taa za trela hazikuungwa na za gari. Kuna kisanduku kinachosoma tu ishara za taa za nyuma na kuwasha za trela kwa umeme wa betri, fyuzi ya ampea 15. Trela ya mashua hulowa maji ya bahari kila safari, taa zake zitapata shoti siku moja, na siku hiyo fyuzi ndiyo itakayokufa.

Kilichotusumbua ni difu, kasha la giya lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma ikitoka njiani ina moto. Ikirudishwa moja kwa moja hadi majini inapoa ghafla, hewa ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia pumuo (tundu la kupumulia la difu) au sili. Oili inageuka kama chai ya maziwa, na hakuna kijitabu cha waranti kinacholipa bahari ndani ya difu. Pumuo limeongezewa mrija wa mita 1.2 hadi nyuma ya taa, kwa kibanio, bila kukata kitu. Plagi ya trela inachomolewa kwanza, gari linasubiri dakika 20 na boneti wazi, kisha linarudi taratibu hadi maji yafike ukingo wa chini wa rimu, si zaidi. Mashua ikigoma kushuka, kamba ndefu inaongezwa kwenye trela.

Oili ya difu imechungulizwa baada ya safari 3 za ufukweni: rangi ya asali. Itachungulizwa tena kilomita 12,000, pamoja na sili ya mlango wa kanopi, ambayo bado inapitisha vumbi kona ya chini kushoto.